KAZI NI YAO, KURA NI YA NANI?

Ndugu wafanya kazi,

Mwaka 1917 mabibi wa Kizungu waliunda chama chao Nairobi, East Africa Women's League. Rais wa kwanza alikuwa Bibi Isabel Ross. Walifanya kazi za kusaidia jamii, lakini shabaha yao ya kwanza ilikuwa kura. Walijua ya kuwa asiye na kura, hata akitoa msaada mkubwa, hupewa asante tu. Mwenye kura husikizwa. Mwaka 1919 sheria ikawapa kura, hali huko Uingereza mwaka 1918 walipewa wanawake wa miaka 30 na zaidi tu, tena kwa masharti.

Kwa bidii yao nawasifu. Lakini kura ile ilikuwa ya Mzungu peke yake. Mama wa Kiafrika alikuwa akilazimishwa kufanya kazi bila hiari yake. Machi 16, 1922, watu walipokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe, wanaume wakaanza kuondoka. Muthoni Nyanjiru akawaaibisha, akawataka wampe suruali zao. Alipigwa risasi akafa. Yeye kura hakuiona. Waafrika walipiga kura mara ya kwanza mwaka 1957, kwa masharti ya elimu, mshahara na mali, na wote 8 waliochaguliwa walikuwa wanaume. Kura ya kila mtu mzima ilikuja mwaka 1963. Toka 1919 ni miaka 44.

Tukisikia habari hii twakasirika, na ni haki. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tutazame kwetu Malili. Ni nani wachimbao matuta katika mwethya? Ni nani wabebao mawe na mchanga wa bwawa? Mgomo ukiwako na mshahara haupo, ni nani walishao nyumba? Ni mama zetu na dada zetu. Lakini mkutano wa chama ukifika, wao hupewa sufuria ya chai, na viti vya mbele hukaliwa na wanaume.

Wengine husema, "Wanawake hawaji mkutanoni." Watakujaje, nanyi mwauitisha usiku? Wengine husema, "Hawajui mambo ya chama." Mama atunzaye fedha za mwethya na kutoa hesabu ya kila senti, atashindwa na daftari ya tawi?

Katiba ya mwaka 2010 yasema katika mabaraza ya kuchaguliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Mwaka 2022, katika majimbo 290, wanawake waliochaguliwa walikuwa 29 tu. Twalilaumu Bunge kwa sauti kubwa. Je, tawi letu tumlaumu nani?

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, mkutano wa uchaguzi ufanywe mchana. Pili, kila mwanamke alipaye ada aandikwe na kupiga kura, hata kama ni mfagiaji wa kibarua. Tatu, theluthi moja ya halmashauri iwe yao, na mmoja wao atunze fedha.

Asiyekubali na asimame mkutanoni aseme sababu yake mbele yao. Asingoje watoke kwenda kupika chai.

Ni mimi,
Mfanya kazi wa Reli, Malili