Kanda Kumi za Nick, na Zetu Hapa Kisumu

Wasee, wiki jana nilimaliza misheni ya Nick Valentine kwenye Fallout 4 tukiwa laivu. Komenti iliyopata laiki nyingi zaidi usiku huo ilikuwa ya msee mmoja aliyeandika hivi: "Kanda kumi? Mimi hiyo niliruka. Demu alikufa miaka mia mbili iliyopita, sasa itasaidia nani?"

Nilicheka, si uongo. Halafu nikakumbuka hiyo sentensi nimewahi kuisikia, tena si kwa gemu. Nimeisikia nyumbani, nimeisikia kwa matatu ya Kondele, nimeisikia kwa mdomo wa wanasiasa kila baada ya uchaguzi. Kwa hivyo leo nimekuja na ubishi. Nasema kuruka misheni ya Nick ni makosa. Na ile akili inayokufanya uiruke ndiyo akili inayofanya watu wauawe hapa kwetu na faili zikae wazi hadi karatasi ziliwe na mchwa.

Kwa wale ambao gemu kwao ni FIFA peke yake, wacha nieleze kidogo. Fallout 4 ilitoka Novemba 2015. Uko Boston mwaka wa 2287, miaka 210 baada ya vita vya nyuklia kuteketeza dunia. Unatembea na wandani, yaani wasee wa gemu wanaokusaidia kupigana na kubeba mizigo. Mmoja wao ni Nick, mpelelezi wa kuvaa koti refu na kofia, uso umechanika hadi waya zinaonekana. Nick ni roboti. Lakini kichwani amewekewa kumbukumbu za polisi wa kweli aliyeishi kabla ya vita. Huyo polisi alikuwa na mchumba anaitwa Jenny. Jambazi anaitwa Eddie Winter akafanya Jenny auawe.

Sasa sikiza hapa vizuri. Polisi walikuwa na operesheni kubwa ya kumshika Winter. Yule polisi alijitoa mwili na roho, kumbe wakubwa wake walishapatana na Winter kitambo: atoe siri za majambazi wenzake, yeye aachwe. Winter akarekodi siri hizo kwenye kanda kumi. Kanda zikagawanywa kwa vituo vya polisi vya Boston, moja Cambridge, moja Quincy, moja Natick, moja kule Nahant, na kadhalika. Zote kumi kwa pamoja zina namba za kufungua mlango wa handaki ambalo Winter alijificha. Na huko ndani bado yuko hai, kwa sababu alijifanyia majaribio ya mionzi akawa kiumbe kisichokufa. Miaka mia mbili amekaa chini amestarehe, akijua kanda ziko mbalimbali na hakuna mtu atakayepata nguvu ya kuziokota zote.

Nick hakuombi hii kazi siku ya kwanza. Lazima kwanza akuamini. Mtembee, mpigane, aone wewe ni mtu wa aina gani, ndipo akuambie kinachomkula roho. Halafu wewe unaangalia ramani, unaona vituo vya polisi ni vingi na viko mbali, unasema, "Zii, wacha nimalize stori kuu kwanza."

Najua hoja zenu, nilizisoma zote. Ya kwanza: zawadi ni ndogo. Ni kweli, unapata bastola ya Winter inayoitwa Eddie's Peace, na ukishafika hapo labda uko na bunduki kali kuliko hiyo. Ya pili: Nick mwenyewe si yule polisi. Hakuwahi kumshika Jenny mkono hata siku moja. Analilia mtu asiyemjua, kwa kumbukumbu alizowekewa na wengine. Mbona asisahau tu?

Hiyo ya pili ndiyo nataka kubishana nayo, kwa sababu omera, hapo Nick ni mimi na wewe.

Mimi sikuwa nimezaliwa mwaka wa 1969. Wewe pia hukuwa. Lakini ukikulia Kisumu unawekewa. Unawekewa tarehe 25 Oktoba 1969, siku Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo hadi leo tunaiita Russia hata baada ya kupewa jina la Jaramogi. Walinzi wa rais na polisi walipiga risasi kwenye umati, watu wakafa, watoto wakiwemo. Unawekewa Februari 1990, Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, kutoweka kwake kule Koru na mwili wake kupatikana umechomwa karibu na kilima cha Got Alila. Na kama uko na umri wangu, 2017 hukuwekewa. Hiyo uliishi.

Hebu tuangalie ya Ouko kama misheni. Polisi walianza kwa kusema huenda alijiua. Watu wakakataa. Akaletwa mpelelezi kutoka Uingereza, John Troon wa Scotland Yard, akaandika ripoti. Ikaundwa tume ya Jaji Gicheru, mashahidi wakaanza kuongea, na 1991 Rais Moi akaivunja kabla haijamaliza kazi. Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru, akashtakiwa, na 1994 mahakama ikamwachilia. 2003 bunge likaunda kamati yake chini ya Gor Sunguh, nayo ikaandika ripoti yake. Hadi leo hakuna mtu hata mmoja aliyepatikana na hatia.

Umeona? Kanda ziko. Moja iko kwa polisi, moja ya Waingereza, moja ya tume, moja ya korti, moja ya bunge. Kila moja kwa droo yake. Hakuna aliyeziweka mezani zote kwa pamoja akakaa chini kusikiliza namba. Na kila mwaka ukipita, kuna mzee mmoja kutoka kijiji cha Koru anazikwa na kanda yake kichwani.

Sasa mtu ataniambia, "Si ndiyo hiyo, haisaidii." Basi njoo Nyalenda.

Usiku wa tarehe 11 Agosti 2017, baada ya matokeo ya urais kutangazwa, polisi waliingia mitaani. Mtoto Samantha Pendo alikuwa na miezi sita. Aligongwa kichwani wakiwa nyumbani kwao, na siku chache baadaye akafa. Wakati huo nilikuwa shule ya upili, na nakumbuka vizuri maneno yaliyokuja baada ya hapo: kubali tusonge mbele. Yalisemwa kwa redio, yalisemwa kwa mitandao, yalisemwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Nyalenda.

Wazazi wake hawakusonga. Walirudia ushahidi wao tena na tena, mbele ya watu wapya kila mara. Majirani wakaandikisha taarifa. Uchunguzi ukafanywa kortini hapa Kisumu, na Februari 2019 hakimu Beryl Omollo akasema wazi kwamba polisi wanahusika, akataja makamanda watano wa kuwajibika. Oktoba 2022 ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka ya umma ikaidhinisha maafisa 12 washtakiwe, tena kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Hiyo haikuwa zawadi ya mtu kutoka juu. Ni watu wa kawaida wa mtaa waliokusanya kanda moja baada ya nyingine, na waliambiwa wanapoteza wakati kila hatua ya njia.

Je, imeisha? Hapana. Hesabu mwenyewe miaka kutoka 2017 hadi 2022, kabla hata mtu kuidhinishwa kushtakiwa. Lakini linganisha na 1969, ambapo hakuna hata mlinzi mmoja aliyesimamishwa kizimbani. Tofauti ya hizo mbili si kwamba serikali ilipata huruma. Tofauti ni kwamba 2017 kuna watu walikataa kuruka misheni.

Najua kuna mwenye atakasirika: "Unalinganisha mtoto aliyekufa na gemu?" Hapana. Gemu ni gemu, na hapo mwisho ndipo mimi na Fallout tunaachana. Kwa gemu unaingiza namba, mlango unafunguka, unaingia handakini chini ya stesheni ya Andrew na Winter anapigwa risasi. Misheni imekamilika. Hiyo si haki, hiyo ni kisasi chenye muziki mzuri. Bastola yenyewe inaitwa amani ya Eddie, na ukiangalia uso wa Nick baada ya hapo hakuna amani yoyote. Anaenda mahali Jenny aliuawa, anasimama, anaongea kama mtu asiyejua afanye nini kesho. Sitaki huo mwisho kwetu. Tumeona risasi za kutosha. Ninachotaka kutoka kwa Nick ni kile kilichokuja kabla ya mlango: kuzunguka vituo vyote, kukataa kusema kanda tisa zinatosha.

Na sasa niwaambie kwa nini hii sentensi ya "itasaidia nani" ilinichoma.

Dani wangu, mama yake baba, alikuwa msichana wa shule 1969. Alikuwa kwenye ule mstari wa watoto nje ya hospitali, na bendera ndogo mkononi. Hilo nilijua kwa sababu shangazi aliwahi kuropoka. Nikimuuliza dani mwenyewe, kila mara alinijibu neno moja: "Nyathina, itasaidia nani?" Nikaacha. Mimi ni bingwa wa kuacha vitu njiani, hata chuo niliacha mwaka wa pili.

Baada ya ile laivu nilimwendea. Sikumuuliza chochote kwa siku mbili, nilimsaidia tu kuanika omena na kuchota maji. Siku ya tatu akaanza mwenyewe. Nikamwomba ruhusa nirekodi, akaangalia simu, akasema sawa. Dakika kumi na moja. Alisema viatu vilikuwa vipya, vya kuazima kwa binamu yake, na alipokimbia kimoja kilibaki. Alisema miaka yote hiyo kitu kilichomsumbua ni jina la msichana aliyekuwa ameshikana naye mkono, kwa sababu hakumwona tena na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza huyo alikuwa nani. Akalitaja jina. Akalirudia, ili simu ishike vizuri.

Kwa hivyo kuna watu wawili wanaosema "itasaidia nani". Kuna aliyechoka, aliyebeba hiyo kitu miaka hamsini peke yake na hakuna aliyemwamini. Huyo ana haki yake, na kazi yetu ni kukaa naye hadi atuamini, kama Nick. Na kuna yule ambaye hajabeba chochote, anataka tu ramani yake isiwe na alama nyingi. Huyo ndiye nabishana naye leo. Na huyo, mara nyingi, ni sisi.

Sasa fanyeni hivi. Kama uliwahi kurekodi kitu kwa simu, iwe 2017 au maandamano ya Juni 2024, usifute. Usiseme iko WhatsApp, kwa sababu WhatsApp inapunguza ubora wa video na mara nyingi inaondoa maelezo ya saa na mahali. Tafuta ile ya kwanza kabisa iliyotoka kwa kamera, iweke mahali pawili, andika tarehe, mtaa, na ulikuwa umesimama wapi. Usiipakie hovyo na sura za watu wanaoweza kutafutwa. Kama uliona afisa akimuumiza mtu, IPOA wako na ofisi hapa Kisumu, nenda uandikishe taarifa. Kesi zikiitwa kortini, milango iko wazi kwa umma, ingia ukae. Wakati wa FIFA tunapata kila siku, wa hii pia tutapata.

Na leo jioni, kabla hujawasha gemu, muulize mtu mzima wa nyumbani kwenu alikuwa wapi Februari 1990. Akikujibu "itasaidia nani", usibishane naye. Msaidie kuanika omena. Rudi kesho.

Ile ya dani nimeiita kanda sifuri, na iko mahali pawili.