UKURASA WA WAZAZI: Acha mutoto ahesabie vidole



Tuingie mangaribi katika nyumba moja ya kambi. Bukari iko kwa moto. Kwenye meza mutoto wa kalasi ya pili anafanya devuari yake: 8 + 5. Anaficha mikono chini ya meza, anafungua vidole kimoja kimoja. Baba anamuona. «Acha bidole! Weye ni mukubwa sasa, hesabu na kichwa!» Mutoto anashituka, anasema 12. Kofi linaanguka. Kesho yake anasema: «Miye sina akili ya hesabu.» Na nyumba nzima inaamini vile.

Sitawaficha: hata mimi nilifanya hivyo kwa mutoto wangu wa kwanza. Ndiyo maana mwezi huu tuulizane: ubongo wa mutoto unajifunza hesabu namna gani?

Anazaliwa na kipimo cha macho

Usifikiri hesabu inaanza siku ya kwanza ya masomo. Katika mwaka 1992, mwalimu mumoja wa Marekani, Karen Wynn, alionyesha watoto wa miezi 5 pupe moja. Akaifunika na pazia, kisha wakaona mukono unaweka pupe ya pili nyuma ya pazia. Pazia likatoka. Walipoona pupe 1 tu, waliangalia wakati mrefu kuliko walipoona 2, sawa mutu anayesema: «Hapa kuna kitu hakiko sawa!»

Mwaka 2000, wachunguzi wengine waliona kwamba mutoto wa miezi 6 anatofautisha madoa 8 na madoa 16, lakini 8 na 12 bado. Kipimo chake ni cha karibu-karibu tu. Hata mama kwenye soko anatazama mafungu mawili ya tomati na kujua lililo kubwa bila kuhesabu. Kipimo hiki kinategemea sana sehemu ya ubongo iliyo juu, kuelekea nyuma ya kichwa, kuume na kushoto.

Kuimba hesabu si kujua hesabu

Mutoto wa miaka 2 na nusu anaweza kuimba moja mpaka kumi, na sisi tunapiga mikono. Lakini mwambie: «Nipe karanga tatu.» Atakupa konzi nzima! Hachezi nawe. Kwake yeye ni wimbo tu. Kwanza anaelewa moja. Kisha miezi inapita, anaelewa mbili. Miezi tena, tatu. Karibu na miaka 4, mara nyingi, ndipo anatambua siri kubwa: neno la mwisho nililosema wakati wa kuhesabu ndilo jumla ya vitu vyote. Hakuna kofi linaloweza kuharakisha jambo hilo. Karanga ndizo zinasaidia.

Vidole ni ngazi

Sasa yuko katika kalasi ya kwanza ao ya pili. Kwa 8 + 5 ubongo wake unafanya kazi nzito, zaidi ile sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayoshika mawazo yasipotee. Vidole vinaibebea sehemu ya muzigo.

Katika mwaka 2014, wachunguzi wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza walichoona ndani ya ubongo wa watoto wa miaka 7 mpaka 9, kwa njia ya mashine ya kupiga picha. Waliwapima, wakawapima tena baada ya mwaka mumoja na zaidi kidogo. Watoto walikuwa wamepunguza kuhesabu kimoja kimoja. Sasa walikumbuka jibu. Na ndani ya ubongo, ile gala ya kumbukumbu ilikuwa inafanya kazi zaidi kuliko mbele. Kwa vijana na wakubwa gala hiyo haihangaiki tena hivyo: jibu limekwisha kukaa mahali pake.

Basi unaona: mutoto anaacha vidole yeye mwenyewe, kwa sababu amevitumia sana. Ukiondoa ngazi mbele mutu hajafika juu, ataanguka. Na woga ni mubaya zaidi, maana unakamata nafasi ileile ya mawazo ambayo hesabu inahitaji.

Hata wazee wa zamani sana walisaidia kichwa na kitu cha mukono. Kule Ishango, kwenye ziwa Edouard, katika inchi yetu, Mubelgiji Jean de Heinzelin alichimbua katika mwaka 1950 mufupa wenye alama zilizochanjwa kwa vikundi. Una miaka karibu 20 000. Wengi wanafikiri zilikuwa alama za kuhesabu.

Mwenye kushinda ku soko, mwenye kuanguka ku masomo

Katika mwaka 1985, wachunguzi wa Brazili walitangaza habari za watoto 5 wa muji wa Recife, wenye miaka 9 mpaka 15, waliouza vitu barabarani. Waliwauliza bei na baki kama wanunuzi: majibu 98 kwa 100 yalikuwa sawa. Kisha wakawapa hesabu za namna ileile kwenye karatasi, namba tupu: 37 tu kwa 100. Ni vichwa vilevile!

Kwetu pia wako. Mutoto anauza mikate, moja franka 200. Unachukua 3, unampa 1000, anarudisha 400 mbele hujafunga mufuko. Lakini buletini yake imejaa nyekundu. Ndipo wazazi wengine wanasema: «Kichwa yake iko nguvu, atoke, aende kuosha mawe.» Ndugu, usikate hukumu hiyo! Akili iko. Kinachokosa ni daraja kati ya soko na karatasi. Na ukimutoa, daraja halitajengwa hata siku moja.

Fanya hivi nyumbani

1. Mupe vitu vya kushika: karanga, vijiwe, vizibo vya chupa.

2. Funga vijiti kumi kumi. Kifaransa kinasema «onze», «douze», na kumi haisikiki. Kiswahili chetu kinasema wazi: kumi na moja, makumi mbili na tatu. Muonyeshe: fungu moja na kijiti kimoja. Kisha mufundishe neno la masomo.

3. Muambie akuhesabie baki ya kweli, kisha muandike pamoja hesabu ileile katika kaye.

4. Akikosa, usimuulize «Kwa nini uko mujinga?» Muulize: «Ulifanya namna gani?» Mara nyingi ataona kosa yeye mwenyewe.

Mutoto wangu wa kwanza amekwisha kuwa mukubwa, na mpaka leo anakimbia hesabu. Wa tatu nilimuacha na vidole vyake. Katika kalasi ya ine aliviacha bila mutu kumuambia.

Basi mangaribi ya leo, ukiona mikono chini ya meza, mwambie mutoto: «Leta vidole hapa juu, tuhesabu wote wawili.»