MTOTO MZITO WA KUSOMA ANAYO HAKI YAKE DARASANI

Mwezi wa Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za Serikali, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Watoto wa wakulima na wa wafanyakazi wakamiminika shuleni, na hakuna mtu mwenye nia njema awezaye kulibeza jambo hilo. Lakini kumfikisha mtoto mlangoni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, nayo ndiyo nzito, ni kuhakikisha kwamba yule aliyeingia anajifunza.

Leo twapenda kusema juu ya mtoto ambaye jina lake limo katika daftari la mahudhurio, lakini masomo yampita kama maji yapitavyo juu ya jiwe. Ni mtoto mwenye ugumu wa kujifunza kusoma, kuandika au kuhesabu. Hapana kata katika nchi hii isiyo naye. Tuichukue kata ya Singe, mojawapo ya kata 8 za Halmashauri ya Mji wa Babati, mkoani Manyara. Mzazi wa Singe, awe analima mahindi na mbaazi, awe ana kazi ya mshahara mjini, yampasa ajue kwamba anaweza kwenda shuleni kuomba taratibu zinazomfaa mtoto wake, na kwamba ombi lake lina nguvu ya sheria.

Mtoto huyu ni nani? Macho yake yanaona na masikio yake yanasikia. Hatembelei magongo. Ukimtuma dukani atarudi na chenji kamili. Ukimsimulia hadithi jioni, kesho yake ataisimulia kwa wenziwe bila kuacha neno. Lakini mpe kitabu. Yuko darasa la nne, naye bado anakokota silabi moja moja, anachanganya b na d, anaruka mstari, na akinakili ubaoni maneno yake hukatika mikia. Mwingine husoma vizuri, lakini tarakimu humpiga chenga mwaka hata mwaka. Kwa kuwa shida yao haionekani kwa macho, watu huwapa majina: mvivu, mtundu, mjinga. Jina likirudiwa mara nyingi, mtoto mwenyewe hulisadiki, na siku moja huacha shule akidhani ni yeye aliyeshindwa.

Wataalamu waliligundua jambo hili zamani. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi yake habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu, mwepesi wa michezo, ambaye hakuweza kusoma ingawa alifundishwa kwa miaka mingi. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, kijana huyo angewapita wenziwe wote shuleni. Mwaka 1963 Mmarekani Samuel Kirk, katika mkutano wa wazazi mjini Chicago, alilitumia jina la ulemavu wa kujifunza, nalo likaenea duniani. Ule ugumu wa kusoma wenyewe huitwa disleksia. Hautokani na uvivu, wala malezi mabaya, wala kulogwa. Ni namna ubongo unavyoshughulikia sauti na maandishi, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Hauna dawa ya kunywa. Lakini mtoto akifundishwa polepole, kwa mpango, na kwa njia inayomfaa, hujifunza kusoma.

Huko Babati liko jambo moja linalotaka uangalifu zaidi. Watoto wengi huingia darasa la kwanza wakiwa na lugha ya nyumbani: Kiiraqw, Kigorowa, Kirangi au Kimbugwe. Kiiraqw na Kigorowa si lugha za Kibantu, na muundo wake uko mbali na wa Kiswahili. Basi mwalimu aweza kukosea kwa pande mbili. Aweza kumdhania mgonjwa wa kujifunza mtoto ambaye hajazoea Kiswahili tu. Na aweza kusema, "Huyu ni lugha tu, atazoea," kumbe miaka inapita na mtoto hazoei. Njia ya kupambanua ni kumsikiliza mtoto katika lugha yake, kumtazama akiongea Kiswahili na wenziwe, kisha kumtazama akiwa na kitabu. Kama ulimi umefunguka na maandishi bado yamemfunga, hapo pana jambo. Na kabla ya yote apelekwe hospitali apimwe macho na masikio, maana wako waliochapwa kwa kutosoma ubao ambao hawakuuona.

Tena tahajia ya Kiswahili ni nyepesi: herufi husomwa kwa sauti ile ile popote ilipo. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia aweza kujikongoja mpaka darasa la saba, akionekana mzito tu. Akifika kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza, lugha ambayo herufi moja ina sauti nyingi, na hapo huanguka. Walimu wa sekondari hushangaa. Lakini ufa ulikuwapo tangu ukutani kwa darasa la pili.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, yasema kwamba mtoto mwenye ulemavu anayo haki ya elimu sawa na watoto wengine, kwamba asome katika shule ya kawaida isipokuwa pale ambapo mawasiliano maalumu yahitajika, na kwamba apewe huduma zinazomfaa kutoka kwa mwalimu mwenye ujuzi au aliyepangiwa kazi hiyo. Sheria hiyo haikuutafsiri ulemavu kuwa ni kukosa mguu au jicho peke yake. Imetaja upungufu wa nafasi ya kushiriki katika maisha sawa na wengine kwa sababu za mwili, za akili au za kijamii. Aidha Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 yataka shule ifanye marekebisho yanayolingana na mahitaji ya kila mwanafunzi. Basi mzazi anayegonga mlango wa mwalimu mkuu haendi kuomba sadaka. Anakwenda kudai kilichokwisha andikwa.

Na adai nini hasa? Mengi hayana gharama kubwa. Mtoto akae mbele, karibu na ubao na mwalimu. Maagizo asomewe kwa sauti. Apewe muda zaidi wa kumaliza kazi, na kazi ndefu igawanywe vipande. Katika somo la sayansi au la maarifa ya jamii aruhusiwe kujibu kwa mdomo, na asipunguziwe alama za sayansi kwa kosa la tahajia. Asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa zima akachekwa. Mara mbili tatu kwa juma apate dakika chache za kurudishwa kwenye sauti na silabi ambazo hakuzishika. Kwa mambo hayo, nia ya mwalimu ni kubwa kuliko fedha.

Katika mitihani pia njia ipo. Baraza la Mitihani la Tanzania huelekeza kwamba watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini muda huo haumfuati mtu asiyejulikana. Matangazo ya Baraza huwataja wasioona, wenye uoni hafifu, wenye uziwi, wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Mtoto wa disleksia, asiyefanana na hao, husahaulika kwa urahisi kama hakuna mtu aliyemsemea mapema. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne una uzito wake: asiyefaulu hurudia darasa. Kumrudisha mtoto darasa lile lile, kwa mafundisho yale yale, bila kubadili njia, ni kumpoteza mwaka.

Wako watakaosema: huo ni upendeleo, mbona wengine hawaongezewi? Twawajibu kwamba fundi cherehani hawashonei wateja wote kwa kipimo kimoja, na hakuna anayemlaumu. Mtihani wa historia wapima historia. Kama mtoto aijua historia, na mwendo wa kusoma ndio unaomzuia kuionyesha, basi dakika za ziada humpa nafasi ya kuonyesha alichonacho. Hazimwongezei jibu hata moja.

Wako pia wanaotegemea fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zaruhusu viboko visivyozidi 4, kwa mamlaka ya mwalimu mkuu, na kwa kosa zito la nidhamu. Kushindwa kusoma si kosa la nidhamu. Anayemchapa mtoto kwa kuchanganya b na d anavunja kanuni, na zaidi ya hayo anamfundisha kukichukia kitabu.

Mzazi afanyeje? Kwanza azungumze na mwalimu wa darasa kwa heshima, kwani mwalimu mwenye darasa lililojaa si adui. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuiona shida. Kisha aandike barua kwa mwalimu mkuu. Kama kalamu ni nzito mkononi mwake, amwombe jirani au afisa ustawi wa jamii amwandikie. Barua itaje jina na darasa la mtoto, mambo yaliyoonekana nyumbani na shuleni, hatua zilizokwisha chukuliwa, na taratibu tatu au nne zinazoombwa, moja baada ya nyingine. Iombe kikao na siku yake. Iombe pia mtoto apimwe na mtaalamu wa elimu maalumu. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na kuhifadhiwa vizuri. Neno la mdomo huondoka na mwalimu anapohamishwa. Barua hubaki katika jalada. Jibu lisipopatikana, njia iendelee kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika Halmashauri ya Mji.

Twajua kwamba wazazi wengi husita. Wanaogopa kwamba mtoto akiandikwa kuwa ana ulemavu, jina hilo litamganda maisha yake yote. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Watu wamewahi kuwaficha watoto wao kwa sababu hiyo. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Mtoto asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi mwalimu wala hapewi muda wa ziada. Jina la ujinga, ambalo amekwisha kupewa bure, humuumiza kuliko jina la kweli linalomletea msaada.

Hata hivyo haifai hata kidogo mzigo wote utupwe mabegani mwa mzazi. Haki ya mtoto isitegemee ufasaha wa baba yake wala nafasi aliyo nayo mama yake ya kuacha kazi. Serikali inacho chuo cha walimu cha Patandi, mkoani Arusha, kinachofundisha elimu maalumu. Yafaa walimu watokao huko wagawanywe kwa haki hata shule za pembezoni, na yafaa upimaji usogezwe karibu na wananchi. Walimu wa darasa la kwanza na la pili, wanaofundisha KKK, wapewe mafunzo ya kutambua dalili mapema, maana samaki mkunje angali mbichi. Kipimo cha walimu 1 kwa wanafunzi 45 kikiachwa karatasini tu, hata mwalimu hodari hatawaona walio nyuma.

Wanachama wenzetu waliomo katika kamati za shule, waulize katika kikao kijacho: ni watoto wangapi wa darasa la tatu wasiojua kusoma, na shule imefanya nini kwa kila mmoja wao? Sheria ya 2010 iliagiza pia kuwe na kamati za watu wenye ulemavu tangu mkoa hadi kijiji na mtaa. Ziulizwe kama zinawafahamu watoto hao. Na mwajiri anayemnyima mfanyakazi wake nusu siku ya kwenda shuleni juu ya jambo kama hili, ajue kwamba anadhulumu watu wawili.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliionya nchi dhidi ya shule zinazoishi kwa ajili ya wachache wanaofaulu mitihani. Onyo hilo lina nguvu mpya leo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Taifa linapomlazimisha mtoto kukaa darasani miaka 10, nalo limejilazimisha kumfundisha. Miaka 10 ya kukaa mbele ya ubao usiosomeka ni kifungo, na hakuna mtoto aliyefanya kosa la kustahili kifungo hicho.

Kwa hiyo twatoa wito kwa wazazi wa Singe, na wa kila kata nchini: mkimwona mtoto mwerevu wa maneno na mzito wa maandishi, msingoje darasa la saba. Andikeni barua muhula huu. Na shule itakayoipokea ijibu kwa maandishi, na kwa vitendo.