Kunguni Kaja na Begi, Mke Kaitwa Mchafu

Mwezi huu nilipanga tuongelee mahari, ila kuna dada mmoja wa Mitole, kule Kilwa, kaniandikia ujumbe nikaona mahari yasubiri. Mumewe ni mnunuzi wa ufuta. Msimu ukianza haonekani nyumbani: leo Nangurukuru, kesho Masoko, keshokutwa Lindi mjini, na kote huko analala gesti. Sasa dada kaamka na vipele vimejipanga mstari mkononi na shingoni, vinawasha balaa. Mume hana hata kimoja. Mama mkwe kaja, kafunua godoro, kaona kunguni, neno lake likawa moja tu: "Mke gani huyu mchafu!" Tangu siku hiyo baba mwenye nyumba analala sebuleni, na dada anauliza kama mdudu anaweza kuvunja ndoa.

Anaweza, mwaya. Nimeona zikivunjika kwa chumvi ya mchuzi.

Tuanze na hilo la uchafu. Kunguni hatafuti takataka, anatafuta damu, na kinachomwita ni joto na pumzi ya mtu aliyelala. Mwaka 2023 jiji la Paris zima lilikuwa linajikuna, watu wanalalamikia kunguni kwenye treni na kumbi za sinema, tena ilibaki chini ya mwaka mmoja wapokee Olimpiki. Chumba kilichojaa vitu kinampa pa kujificha zaidi, hilo kweli, lakini chumba kisafi hakimfukuzi. Hana mabawa wala haruki. Kutoka Nangurukuru hadi Mitole hawezi kuja kwa miguu yake, lazima abebwe. Anaweza kubebwa na mgeni, au na kitanda cha kununua kwa mtu, lakini kwenye nyumba ambayo mtu analala gesti msimu mzima, mimi naanza kulikagua begi. Jike moja lenye mayai linatosha kuanzisha ukoo.

Na hilo la mume kuwa na ngozi safi lisikuchanganye kichwa, dada. Kunguni huyohuyo anawauma wote wawili, ila miili haijibu sawa. Mmoja anavimba asubuhi yake, mwingine anaona alama baada ya siku kadhaa, na wapo wasiotoa kipele maisha yao yote. Kwa hiyo anayewashwa si lazima awe ndiye aliyewaleta. Hata msafiri mwenyewe akiona vipele leo, asikimbilie kuilaumu gesti ya jana, huenda ni ile ya wiki iliyopita.

Sasa mume afanyeje huko njiani? Mimi nikipewa ufunguo wa chumba, begi halipandi kitandani ng'o, na chini ya kitanda ndo kabisa. Nalipeleka bafuni kwenye sakafu, kisha nawasha tochi ya simu. Nafunua shuka upande wa kichwani, naangalia mishono ya godoro, maungio ya chaga, nyufa za ubao na mikunjo ya chandarua. Mdudu mwenyewe mchana hujificha. Natafuta vidoti vyeusi kama vya wino, ambavyo ni kinyesi chake, madoa ya damu, na magamba ya rangi ya njano aliyojivua. Dakika tano tu. Nikiviona narudisha ufunguo na kuomba chumba kingine, na kisiwe cha ukuta mmoja na kile, maana wanapita kwenye nyufa. Wahudumu wengine hununa. Wanune, nalipa mimi.

Chandarua chenye dawa nacho kisikupe usingizi wa pono. Mwaka 2002 watafiti waliandika kuhusu kunguni wa hapahapa Tanzania, kwenye nyumba zilizotumia vyandarua vya dawa kwa miaka: dawa walikuwa wameshaizoea. Chandarua kwa mbu ni lazima, ila kwa kunguni tegemea macho yako.

Kwa waliokwisha ingia, dada, dawa kubwa ni moto. Shuka, foronya na nguo ziingie kwenye maji ya moto kabisa, siyo ya vuguvugu, kisha pasi ya mkaa ipite kwenye mishono yote. Chaga zitolewe nje zimwagiwe maji yanayochemka, kila ufa, na kama mna kitanda cha kamba basi kila fundo. Rudia baada ya wiki, na wiki nyingine tena, kwa sababu yai lililosalimika huanguliwa ndani ya siku kumi hivi. Kuanika godoro juani peke yake wanalihamia upande wa kivuli tu. Na tafadhali sana, dawa ya mikorosho ni ya mikorosho! Usimpulizie mtu mahali anapolaza pua usiku kucha. Mafuta ya taa nayo kitandani ni kuita moto.

Kuhusu kulala sebuleni, mrudishe. Kunguni akikosa mtu chumbani atamfuata kwenye kochi, mtakuwa na nyumba mbili za kutibu badala ya moja.

Usimwambie "wewe ndiye uliyetuletea," hapo mtagombana hadi msimu wa korosho. Akirudi safari mpokee barazani, mpe pole, beseni liwe tayari: nguo zote za begini moja kwa moja kwenye maji ya moto, begi likaguliwe hukohuko nje, lisivuke mlango wa chumbani. Yeye aoge, avae kikoi kisafi, ndo aingie. Na mama mkwe, shikamoo yake kwanza, halafu mpe tochi akusaidie kukagua mishono ya lile begi.