Blogu ya shule ni kama uchumba: ukinyamaza, unaachwa

Mwezi huu tuwape pumziko waliotenda na waliotendwa, tuongelee uhusiano mwingine ambao wengi wetu tumeuacha ulale: ule wa mzazi, mtoto na shule.

Hapa Iguguno tuko kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, na mabasi ya Mwanza na Dar yanapita kila siku yakibeba watu wetu. Baba yuko Dar anasaka riziki, mama yuko Mwanza na biashara yake, mtoto kabaki kwa bibi anasoma. Sasa huyo baba anasikia habari za shule lini? Michango ikitakiwa, au mtoto akiharibu. Katikati hapo, kimya. Uhusiano gani huo jamani?

Dawa mojawapo ni blogu ya shule. Najua kuna atakayesema blogu zimepitwa na wakati, watu siku hizi wako WhatsApp na TikTok. Sawa, lakini ujumbe wa kwenye kundi unafunikwa na wenzake kabla jua halijazama. Cha kwenye blogu kinakaa na tarehe yake, na mwakani ukikitafuta unakikuta.

Blogu nzuri ni ipi basi? Tuanze na za kwetu. Ndesanjo Macha alianza kuandika blogu ya Kiswahili, Jikomboe, mwaka 2004, akawa anawavuta na wengine. Mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi alifungua ya kwake akiwa Helsinki, Finland, Macha akimshika mkono. Wabongo kibao walioko ughaibuni wakawa wanaifungua kila kukicha. Walifuata nini? Harusi, misiba na mitaa waliyoiacha, tena vitu vipya kila siku. Mtu alikuwa anakiona kwao.

Mfano wa pili ni wa mtoto wa shule. Mwaka 2012 huko Scotland, Martha Payne, binti wa miaka 9, alianza blogu iliyoitwa NeverSeconds. Kazi yake ilikuwa ndogo tu: anapiga picha sahani yake ya chakula cha mchana shuleni, anaipa alama kati ya 10, anaandika maneno machache. Hata nywele zilizokutwa kwenye chakula alizihesabu! Juni mwaka huo halmashauri ikampiga marufuku kupiga picha. Watu wakaja juu, marufuku ikafutwa haraka. Michango iliyopitia kwenye blogu hiyo kwenda shirika la Mary's Meals ilizidi pauni 100,000, na ikajenga jiko la shule nchini Malawi. Sahani moja, wapenzi!

Siri ni ile ile kwa wote: andika unachokijua kwa macho yako, andika bila kukosa, na sema kweli. Si ndiyo uchumba wenyewe? Mchumba anayekuandikia barua ndefu ya maua mara moja kwa mwaka, utamsubiri? Utaolewa na anayekujulia hali kila wiki, hata kwa mistari miwili.

Sasa tazama kurasa za shule nyingi. Mgeni rasmi kakata utepe, picha tatu za mahafali, kisha miaka mitano ya ukimya. Hapo hakuna sauti ya mtoto hata moja.

Wape wanafunzi kazi. Wa hisabati waandike bei ya gunia la alizeti wakati wa mavuno, kisha miezi mitatu baadaye, na waseme aliyesubiri kapata nini. Wa jiografia wapime mvua kwa kopo na rula. Wa Kiswahili wakae na bibi, awatajie miti kwa Kinyiramba au Kinyaturu na matumizi yake. Insha ya kawaida inasomwa na mtu mmoja mwenye peni nyekundu, kisha daftari linaishia kufungia karanga. Lakini mtoto akijua baba aliyeko Dar ataisoma Jumapili, atasahihisha makosa bila kusukumwa.

Na simu je, maana wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo shuleni? Anzeni na gazeti la ukutani. Karatasi, gundi, ubao, basi. Kila Ijumaa wanabandika, na mwalimu mmoja anaichapa makala bora kwa simu yake. Kufungua blogu kwenye Blogger au WordPress ni bure. Ila jaribuni ukutani muhula mzima kwanza. Mkishindwa kubandika kila Ijumaa, hata intaneti haitawasaidia.

Tahadhari mbili. Usianike jina kamili la binti, picha yake na njia anayopita kwenda nyumbani. Pata ridhaa ya mzazi, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Pili, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilileta leseni kwa wanablogu, na tangu hapo zimebadilishwa 2020 na 2022. Hivyo mkuu wa shule aulize TCRA kabla ya kuanza.

Mwisho ni swali kwako mwalimu mkuu. Siku mtoto akiandika kwamba uji wa leo ulikuwa maji matupu, utafanyaje? Ukimchapa au ukafuta, watoto watarudi kuandika "shule yetu ni nzuri sana" na hakuna atakayesoma. Lakini ukijibu hapo chini kwamba mahindi ya michango hayajatimia, baba aliyeko Dar ataelewa kwa nini anaombwa hela, na huenda akaituma jioni hiyo hiyo. Mtoto kasema, shule imejibu, mzazi kasikia. Ndoa ngapi zingepona kwa hayo matatu tu?

Wewe mzazi uliye mbali, usingoje blogu ifunguliwe. Piga simu leo, mwulize mwanao kaandika nini wiki hii, na umwambie akusomee.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.