Mji Hauna Mjomba: Kijiji Kikiingia Mjini, Nani Alipie Mtaro?

Kijiji kinapoingizwa katika mipaka ya mji, hupoteza mfuko wake. Nchini Tanzania, kwa Sheria Na. 7 ya 1982 ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), kijiji kilichoandikishwa ni mtu kamili mbele ya sheria. Halmashauri yake hushtaki na kushtakiwa, humiliki mali, na hutunga sheria ndogo kwa idhini ya wilaya. Sheria Na. 9 ya mwaka huo huo inakitambulia vyanzo vyake vya mapato. Mkutano mkuu wa watu wazima wote husomewa hesabu, na mwenyekiti asiyeweza kuzieleza hutoka jasho hadharani. Mji ukishasogea, hayo yote huondoka. Kijiji hugeuka mitaa, au vitongoji vya mji mdogo, na mwenyekiti hubaki kuandika barua za utambulisho na kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya viwanja. Mtaa una wakazi, una kamati, una mwenyekiti aliyechaguliwa kwa kura. Hazina hauna.

Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, inaonyesha jambo hili waziwazi. Mji huu, ambao Wajerumani waliufanya makao yao nyanda za juu na kuuita Neu Langenburg, umekua kwa kuimeza migomba iliyouzunguka. Mtu atokaye Uyole jijini Mbeya kwenda Kasumulu mpakani mwa Malawi hawezi kusema kwa hakika shamba limeishia wapi na mji umeanzia wapi. Nyumba za matofali na mabati ya rangi zimesimama katikati ya ndizi na parachichi, na kila paa jipya ni maji mapya yanayotafuta pa kwenda. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Zamani mvua hiyo iliangukia migomba ikanywewa na udongo. Sasa huangukia bati na uwanja wa saruji, ikateremka na njia, ikabeba maganda ya ndizi na mifuko hadi uani kwa jirani wa chini. Mtaro ndio huduma ya kwanza ya mji wa aina hii, kabla ya taa na kabla ya lami ya ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na asiyechimba mtaro mwezi wa kumi atachota tope sebuleni mwezi wa nne.

Hapo ndipo tabia mbaya inapojitokeza. Mkazi aliyekuwa akitoka na jembe siku ya msaragambo, aliyechangia darasa na zahanati bila kusukumwa, akishaambiwa kwamba sasa yeye ni wa mjini hukunja mikono. Husema mji utaleta, halmashauri italeta, serikali italeta. Mji hauna mjomba. Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe hutegemea ushuru wa mazao, ada, leseni na ruzuku kutoka Hazina, na fedha hiyo hiyo yatakiwa ifike kwenye vijiji vyenye kiu kuliko Tukuyu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye mtaka taa za barabarani sharti aulize zinalipiwa na nani.

Kuchukia kodi kuna historia yake, na haki itendeke kuisema. Kodi ya kichwa ya wakoloni iliwatoa watu majumbani kwenda kutafuta fedha mbali, na kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003 iliwafanya wanaume wazima wajifiche migombani wakisikia mgambo wanapita. Ilipofutwa, watu walishangilia, lakini pamoja na adha yake iliondoka fedha ambayo wilaya ilikuwa ikiikusanya yenyewe na kuipangia yenyewe. Kodi ya majengo nayo iko mbali na macho ya mlipaji. Tangu 2021 hukatwa kwenye luku, mtu anaponunua umeme, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 kuanzia 2023. Mpangaji huilipa akidhani ni bei ya umeme, na hakuna awezaye kuonyesha kwa kidole kalvati lililojengwa kwa shilingi zile. Kodi isiyoonekana matunda yake humfundisha mtu kuikwepa hata ile inayoonekana.

Dawa iliyotumika kwingine ni eneo maalumu la kodi. Marekani ina zaidi ya mamlaka 35,000 za namna hii, za zimamoto, maji, mitaro na mengineyo. Mamlaka yenye eneo dogo hutoza wakazi wa eneo lake kwa huduma iliyotajwa, na fedha haitoki nje ya mpaka huo. Nayo miji inapomeza vitongoji vya pembeni, hutumia njia jamaa na hiyo, ili wapya wanaotaka taa na mitaro walipie huduma hizo bila kuwabebesha wakazi wa zamani. Tanzania haihitaji kwenda mbali kujifunza. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), imevipa vyombo vya watumia maji vijijini uwezo wa kuendesha mradi na kutoza bei ya maji kwa wanaoyachota. Kilichowezekana kwa bomba chawezekana kwa mtaro. Halmashauri ya wilaya tayari hutunga sheria ndogo za ada. Iwekwe moja inayotaja mitaa yake, huduma yake na akaunti yake, na mkutano wa wakazi uikubali kwanza.

Wapo wasemao watu hawana fedha. Nani asiyeijua Rungwe ya chai, ndizi, maziwa na parachichi? Watu wake ni wachapakazi, wamesomesha watoto kwa mkungu mmoja mmoja, na washirika wa Moravian na Kilutheri wamejenga makanisa, shule na hospitali kwa sadaka iliyoanza zama za wamisionari wa 1891. Kisha itazamwe harusi. Kamati huundwa miezi kadhaa kabla, kadi husambazwa, ahadi huandikwa, na asiyetimiza hupigiwa simu mpaka aone haya. Ukumbi, mapambo, keki ya ghorofa, sare za kamati, gari la bwana harusi lenye maua: usiku mmoja huteketeza fedha ambayo ingechimba mtaro wa mtaa mzima. Bibi harusi akiisha kushangiliwa hurudi nyumbani akivuka dimbwi lile lile, gauni limeshikwa na mashangazi wawili. Aliyetoa laki moja kwa furaha ya siku moja atagombana na mwenyekiti kwa elfu mbili za mwezi. Huo si umaskini, na viongozi wa dini wasione soni kulisema hilo madhabahuni.

Jambo la hesabu ndilo litakaloamua kama ada ya namna hii itaishi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sharika zinajua siri hii, ndiyo maana sadaka ya wiki iliyopita husomwa mbele ya waliotoa. Mtaa ufanye vivyo hivyo: mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila robo mwaka, mhasibu asiwe ndugu wa mwenyekiti, na mkandarasi asilipwe kabla kamati haijatembea juu ya mtaro wenyewe, mvua ikinyesha.

Viwango navyo visitungwe kwa uvivu. Duka lililo kando ya barabara kuu na kibanda cha bibi mjane ndani ya migomba havifaidiki sawa na taa wala mtaro. Mwenye nyumba ya kupangisha alipe yeye, asimsukumie mpangaji. Mkulima ambaye mpaka wa mji umemkuta shambani, na bado anaishi kwa jembe, apewe nafuu mpaka atakapouza viwanja. Ada yenyewe iandikwe ukomo. Ile ya kujengea mtaro ife mtaro ukikamilika na kulipiwa, ibaki ndogo ya kuuzibua na kukarabati, na ikitakiwa nyingine ya taa au ya gari la taka, mkutano uitwe upya na kura ipigwe upya.