Kihisi Peke Yake Hakitazuia Nyumba Kuanguka

Haya jamani, leo tuongee kuhusu hivi vihisi vya mjengo ambavyo vinasifiwa sana. Kwa wasiojua, ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye vyuma kabla zege halijamwagwa. Kinapima joto, kinalituma kwa simu kwa Bluetooth, halafu programu inakadiria zege limepata nguvu kiasi gani, bila kungoja siku 28 za kuponda vipande maabarani. Hesabu yenyewe ni kuzidisha joto kwa saa na kujumlisha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika.

Mimi naipenda teknolojia hii. Inamsaidia fundi kujua lini atoe mbao. Lakini anayekuambia itamaliza balaa la nyumba kuporomoka Kenya anakudanganya!

Kwanza, kifaa hiki hakipimi nguvu, kinapima joto tu. Nguvu inasomwa kutoka kwa jedwali lililotayarishwa maabarani kwa mchanganyiko ule ule wa zege. Sasa huku kwetu mchanganyiko unapimwa kwa karai na wilibaro. Daftari linasema mifuko kumi ya simiti, saba ikaingia, mitatu ikaondoka na bodaboda usiku. Programu itajuaje? Itaendelea kutumia jedwali la mifuko kumi na kukuonyesha rangi ya kijani.

Pili, hata kipimo kikiwa sawa, nani anakiona? Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma hapa Nairobi, watu zaidi ya 40 wakafa. Lilikuwa tayari limeorodheshwa kubomolewa. Na msidhani ni shida ya Afrika pekee. Kule Surfside, Florida, mhandisi aliandika mwaka 2018 kwamba zege limeharibika vibaya chini ya eneo la bwawa la kuogelea. Juni 24, 2021 jengo likaanguka, watu 98 wakafa. Kote kuwili onyo lilikuwepo, na watu wakaendelea kulala ndani.

Sasa mnataka kuongeza onyo lingine, tena liingie kwenye simu ya kontrakta peke yake, yule yule anayekimbizana na tarehe na pesa za landilodi?

Kama tuko serious, tuanze hivi. Mtu asiyelipwa na kontrakta ahesabu mifuko. Vipande viendelee kupondwa. Na vipimo vya kihisi viende moja kwa moja kwa mhandisi wa kaunti, vihifadhiwe, na mpangaji aweze kuvisoma kabla hajalipa deposit. Sisi waandishi wa programu tunaweza kuijenga hiyo kwa wiki chache. Kazi ngumu ni kumlazimisha kontrakta akubali.

Wewe unayelala ghorofa ya tano usiku wa leo, ungetaka nani aione hiyo namba kwanza?